Kitako cha Bunduki Namba Saba

Musoma,
11 Februari 2024

Baba mdogo Mwikwabe,

Shikamoo. Huku kambini sijambo, nakula vizuri. Mama yuko Bunda kwenye palizi ya pamba, mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakasirika. Mpe mama mdogo Consolata shikamoo zangu. Wale samaki ningu wakavu alioomba nimewapata, nimemkabidhi Isaya wa maziwa pamoja na barua hii. Simu najua haikufai tena tangu masikio yagome, na meseji unasema zinakuumiza macho, kwa hiyo tutaendelea kumsumbua Isaya.

Baba mdogo, shabaha imenishinda na sijui kwa nini. Tangu ustaafu mwezi wa nane kikosi hakijaletewa fundi silaha mwingine, na wewe umezifungua bunduki za kikosi hiki miaka ishirini na saba, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikilala kifudifudi na kufunga mkanda wa bunduki mkononi, risasi mbili za kwanza zinaingia katikati. Ya tatu inapanda. Ya tano iko juu kushoto, nje kabisa ya duara jeusi. Nikirekebisha macho ya bunduki, yale ya kulengea, kesho yake zinakwenda pengine.

Afande Amos, mwalimu wetu, alichukua bunduki yangu akailaza juu ya mifuko ya mchanga, akapiga tano. Matundu yote matano ungeyafunika kwa sarafu ya shilingi mia. Akanirudishia mbele ya wenzangu akasema, "Bunduki ni nzima. Anayeumwa ni wewe."

Mashindano ya kanda ni Mwanza mwezi wa saba. Nimebakiza miezi mitano. Nisaidie.

Nilisahau: ni ile namba saba. Ile aliyokuwa nayo Pelagia kabla hajaondolewa.

Mwanao,
Gati

*

Butiama,
25 Februari 2024

Mwanangu Gati,

Marahaba. Samaki wamefika, mama yako mdogo amefurahi sana, ameshawagawia majirani nusu. Goti lake linamsumbua asubuhi tu. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike. Rebeka wetu amepata uhamisho, sasa anafundisha karibu, anakuja kila Jumamosi na madaftari ya kusahihisha.

Kuhusu shabaha. Angalia pumzi yako. Ukivuta, toa nusu, shikilia, ndipo ubonyeze. Angalia kiwiko cha kushoto kiwe chini ya bunduki, kisikae pembeni. Usinywe chai ya rangi asubuhi ya mazoezi. Macho ya bunduki usiyachezee kila siku.

Na usiifungue hiyo bunduki. Hiyo si kazi yako.

Baba yako mdogo,
Mwikwabe

*

Musoma,
17 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Mama amemaliza palizi, sasa anaogopa wadudu, anaomba mvua isizidi.

Nimefanya yote uliyoniambia. Pumzi, kiwiko, chai nimeacha. Hakuna kilichobadilika. Ila kuna kitu nimegundua, na tangu nikigundue situlii. Jioni nikitoka kwenye mazoezi natembea mpaka Mwigobero kwa wavuvi, narudi, natembea tena. Wenzangu wanauliza kama nina mchumba.

Ni hivi. Jumanne mkanda ulikatika kifungo, nikapiga bila mkanda. Mikono iliuma, nilitetemeka, lakini matundu yalikaa pamoja kuliko siku zote. Alhamisi nikafunga mkanda mpya, nikaukaza vizuri kama tulivyofundishwa. Yakatawanyika. Nikaulegeza, yakarudi kidogo. Nikaukaza, yakapanda juu kushoto.

Sasa nauliza: kile kitako cha plastiki kilichotoka kiwandani, kinaweza kupinda? Namaanisha kule mbele, kinakopita chini ya mtutu, mkono wa kushoto unaposhikilia. Kwenye mifuko ya mchanga hakuna mkanda na hakuna mkono unaosukuma. Je, Afande anaweza kuwa anapima kitu ambacho mimi sikifanyi?

Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Fundi alipima zote kumi na mbili, akatia saini. Na wewe unaanza kama Pelagia."

Saini ni yako, Baba mdogo. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza.

Gati

*

Musoma,
14 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Wiki nne sasa. Isaya ameniapia kwamba barua alikupa mkononi, uliisoma umesimama zizini, ukaikunja, ukamwambia hakuna jibu.

Basi nakueleza nilichofanya. Sikuifungua bunduki. Nilikata kipande cha karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili, nikakipitisha kati ya mtutu na kitako. Kilipita vizuri mpaka karibu na chemba, risasi inapokaa, maana mtutu unatakiwa uelee, usiguse kitu. Nikamwita Helena, tunayelala naye chumba kimoja. Nikalala kifudifudi, nikakaza mkanda, nikalenga ukutani. Nikamwambia, "Vuta karatasi."

Akasema, "Haitoki."

"Vuta tu."

"Gati, imebanwa. Nikivuta itachanika."

Nikalegeza mkanda. Karatasi ikatoka yenyewe kama imepakwa mafuta.

Plastiki inapinda, Baba mdogo. Mkono unaisukuma juu, mkanda unaivuta pembeni, inaenda kuugusa mtutu na kuusukuma. Ninavyokaza ndivyo unavyosukumwa, na kwa kuwa mtu hakazi sawasawa kila mara, hakuna hata namna ya kurekebisha. Tumejaribu bunduki nne za wenzetu. Zote zinabana karatasi.

Kiwanda kimetengeneza mtutu mzuri kikauweka kwenye kitako kibovu. Hilo nimelielewa. Ambalo sijalielewa ni wewe. Mtu aliyekuwaga ananifundisha kusikiliza kufuli ya bunduki kwa vidole, hakuigusa sehemu ya mbele hata mara moja?

Gati

*

Butiama,
21 Aprili 2024

Gati,

Barua zote nimezipata. Mama yako mdogo anakusalimu.

Omba bunduki nyingine, ya zamani yenye kitako cha mti. Iko moja stoo, nyuma ya kabati la pili. Piga nayo mashindano yako.

Hilo jingine liache.

Mwikwabe

*

Bunda,
12 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumbani kwa mama, nimepewa likizo ya siku nne. Pamba imeanza kupasuka. Mama ameniuliza kwa nini sikai mahali pamoja, nikaanza kuchuma ili asiniulize tena.

Hiyo ya mti niliiomba. Imeliwa na mchwa.

Sasa nisikilize, maana umeniambia niache na mimi siwezi. Kuna jambo langu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwezi wa sita mwaka jana, Pelagia alipokuwa anatawanya risasi, Afande Amos aliniita ofisini. Aliniuliza, "Wewe unalala naye chumba kimoja. Mikono yake inatetemeka?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, niliiona ikitetemeka asubuhi ile. Sikusema kwamba ilitetemeka kwa sababu alikuwa analia. Wao wakaandika pombe. Pelagia hanywi, unajua hanywi. Yeye akaondolewa, nafasi nikapewa mimi, na bunduki yake.

Jana nilikwenda Kabasa kumtafuta. Anashona sare za shule, ana cherehani yake kibarazani. Aliponiona hakusimama.

"Gati, umekuja kushonewa au kuniangalia?"

"Nimekuja kuzungumza."

"Kaa basi. Usinizibie mwanga."

Nikamweleza habari ya karatasi. Aliendelea kushona mpaka nilipofika pale Helena aliposema haitoki. Hapo mguu ukasimama.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," akasema.

"Hukuwa wewe."

"Sema tena."

"Hukuwa wewe, Pelagia. Ni kitako."

Akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi aliyokuwa anaishona. Nikaona nisipomwambia la pili nitarudi nalo. Nikamwambia nilichomjibu Afande. Akatikisa kichwa.

"Hiyo nilikuwaga naijua."

"Nani alikuambia?"

"Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nje kwenye benchi, nasubiri kuitwa."

Baba mdogo, miezi kumi na moja alijua, na siku anaondoka kambini alinisaidia kufua.

Nilimwambia nitakwenda kwa wakubwa nikaseme, arudishwe. Akacheka. "Nirudi kulala kifudifudi kwenye miiba? Nina wateja. Mimi nataka baba yangu." Baba yake ni mzee Gabriel wa Nyegina, kiongozi wa jumuiya pale misheni. Aliambiwa binti yake ameondolewa kwa ulevi. Tangu siku ile hajazungumza naye. Krismasi Pelagia alikwenda na kitenge cha kumpa mama yake, mzee akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikamwuliza afanyiwe nini. Akasema hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Baba anaamini wewe ulinionea wivu, hata ukimwapia hatakusikia. Ila aliniambia fundi mzima wa miaka ishirini na saba hawezi kudanganya juu ya bunduki. Basi fundi mwenyewe aende."

Sikumwambia kwamba fundi ni baba yangu mdogo na kwamba hajibu anachoulizwa. Anakujua tangu kambini. Aliniuliza tu, "Mzee bado anasikia?"

Nikasema hapana.

Gati

*

Butiama,
26 Mei 2024

Mwanangu Gati,

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza nilimpa mama yako mdogo aisome, akasema nimeandika habari za ng'ombe ukurasa mzima.

Nilijua.

Masanduku yalikuja mwezi wa kwanza mwaka jana. Kumi na mbili, mpya, zinanukia mafuta. Nikafungua ya kwanza nikautazama mtutu mpaka mwisho, nikasema moyoni hawa watu wanajua kazi. Kisha nikageuza kitako. Gati, chuma walikitendea haki, kitako wakakibania. Nje kinang'aa, ndani ni plastiki nyembamba yenye vyumba vitupu kama mzinga wa nyuki uliohamwa. Nikaminya mbele kwa vidole viwili tu. Ikaugusa mtutu. Nikaminya nyingine. Nikaminya zote. Namba saba ilikuwa laini kuliko zote, ungeipinda kwa kidole gumba.

Dawa yake si kubwa. Unajaza vile vyumba gundi ngumu ya kuunganishia chuma, unalaza vipande viwili vya nondo ya aluminiamu, unapiga msasa mpaka mtutu uelee. Siku mbili kwa kila moja. Au unaandika kwamba hazifai, zirudishwe. Ningeandika mstari mmoja tu.

Lakini makabidhiano yalikuwa saa kumi siku ileile. Hema lilishapigwa, wageni walishakaa, mkuu wa kikosi alikuwa ameshavaa. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu, na katika miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuchelewesha shughuli ya mtu. Nikazilaza kwenye mifuko ya mchanga, na mfuko nikausogeza karibu na chemba, kule kitako kilikokuwa kigumu. Nilijua ninachofanya. Zikapiga vizuri. Nikatia saini. Nikajiambia hizi si za vita, ni za mchezo, na mchezo hauui mtu.

Mwezi wa sita wakaniita kwenye kikao cha Pelagia. Sikio la kulia lilikuwa bado linanisaidia. Waliniuliza mara moja tu, "Fundi, bunduki ina kasoro?" Pelagia alikuwa amesimama hapo, hatua tatu kutoka kwangu. Nikasema, "Bunduki ni nzima." Akaniangalia. Hakunikasirikia, Gati. Alinikubali. Niliona kabisa anaanza kuamini kwamba ni yeye.

Barua yako ya kwanza ilipofika nikaona umeandika namba saba, nilikaa zizini mpaka Consolata akaja kunitafuta. Nikakuandikia habari za pumzi na chai. Ulitaka msaada na mimi nikakutuma ukatafute makosa mwilini mwako, kama tulivyomfanyia mwenzako.

Nakuja Musoma tarehe ishirini na tano mwezi ujao. Nimeshaomba kuonana na mkuu. Usinitangulie kusema lolote. Hilo la mikono utalisema mwenyewe, siwezi kukusemea. Hili la saini ni langu.

Mwikwabe

*

Musoma,
30 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na gari halikukusumbua. Mama amepata habari kwa watu wengine, ameniuliza kama tumekosa adabu wote wawili. Nimemwambia nitamweleza nikifika.

Najua siku ile hukusikia kilichosemwa, na mkuu hakuruhusu nikuandikie pembeni. Nakuandikia sasa, usije ukafikiri walikunyamazia.

Ulipoanza, mkuu alimnong'oneza karani, "Mzee anataka nini?" Ulipofika kwenye mifuko ya mchanga hakuna aliyenong'ona tena. Ulipompa Afande Amos namba saba na kumwomba alale, mkuu alisema, "Hakuna haja." Wewe hukusikia, ukaendelea kuonyesha kwa mkono, na Afande akalala. Uliona mwenyewe alivyokaza mkanda. Ulipoivuta karatasi ikachanika, Afande aliomba nyingine, akasema, "Vuta polepole." Ikachanika tena. Akabaki amelala pale chini. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Mimi nimemfukuza mtu."

Mkuu akasema, "Mwambieni mzee akae." Karani akakuambia, ukabaki umesimama. Mkuu akarudia kwa ukali. Ukabaki umesimama. Mimi nadhani hukusikia. Helena anasema ulisikia.

Kisha ukaomba barua yenye muhuri ya kupeleka Nyegina. Jibu lake ulilipata mkuu alipotikisa kichwa, niliona. Maneno yenyewe yalikuwa haya: kikosi hakiwezi kutoa barua ya aibu kwa mtu binafsi, suala litashughulikiwa ndani. Kuhusu wewe alisema utaandikiwa rasmi. Hakusema utaandikiwa nini.

Ulipotoka nje nilibaki. Nikawaeleza habari ya ile mikono ya Pelagia. Nilitaka kusema kwa utulivu, nikasema haraka haraka kama mtoto. Nimeondolewa kwenye timu miezi sita, nimepangiwa lindo la geti. Bunduki zote kumi na mbili zimerudishwa kwenye masanduku. Mwanza hakuna anayekwenda. Wenzangu watatu hawanisemeshi, na Afande Amos jana alipita getini akasimama kama anayetaka kusema kitu, akaniuliza saa.

Sijutii. Ila situlii pia. Nilidhani nikishasema nitapumua. Sasa kila nikifungua geti nafikiria yule mzee wa Nyegina, kwamba hayo yote yamesemwa mahali ambapo yeye hayupo.

Utakwenda hata bila muhuri?

Gati

*

Butiama,
14 Julai 2024

Mwanangu Gati,

Marahaba. Rebeka yuko hapa tangu jana, ndama amemzoea. Mama yako nimemwandikia mwenyewe, usihangaike kumweleza.

Nimetoka Nyegina leo. Naandika kabla sijavua viatu.

Nilikwenda na Consolata. Tulipatana kwamba akiinua mkono, niongeze sauti, na akiushusha, nipunguze, maana siku hizi sijui kama nanong'ona au napiga kelele. Baada ya misa jumuiya yao walikuwa wanakutana uani kwa mzee Gabriel, watu kama ishirini, kwenye mabenchi. Consolata alimweleza mimi ni nani. Mzee alinipa kiti. Alinipa mkono, Gati, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyemsaidia.

Nikatoa karatasi yangu isiyo na muhuri nikasoma. Nilisoma jina langu, miaka yangu ya kazi, tarehe niliyotia saini. Nikasoma kwamba nilijua. Nikasoma kwamba Pelagia hakuwahi kulewa na mikono yake haikuwa na kosa, na kwamba niliulizwa mbele yake nikamkana. Consolata aliinua mkono mara mbili. Mara ya tatu akaushusha.

Nilipofika hapo kwenye kumkana, mzee Gabriel akainuka akaingia ndani. Nikaacha kusoma. Nikafikiri ametoka tena kwa mlango wa nyuma. Nikamwangalia Consolata, naye akanionyesha kwa kidole: soma. Nikasoma mbele ya kiti kitupu. Kuna mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Wengine waliangalia chini. Nilimaliza, nikakunja karatasi, sikujua niiweke wapi.

Mzee akatoka. Alikuwa ameenda kutafuta miwani na simu. Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe amesimama, kidole kikifuata mistari mpaka chini. Akaiweka mfukoni mwa shati. Kisha akampa simu kijana wa jirani amtafutie namba ya binti yake, akaiweka sikioni, akageukia ukuta.

Nilikuwa nimekaa upande, nikauona mdomo wake. Alisema neno moja, akasubiri. Mabega yakashuka. Akasema mengine mengi, haraka, anashika ukuta kwa mkono, halafu akasikiliza muda mrefu sana. Watu wote uani walikuwa wameacha kuzungumza, nilijua kwa nyuso zao. Wote walisikia isipokuwa mimi.

Alipomaliza hakunipa mkono tena. Alinitazama, akanielekeza kwa kidevu sahani ya chakula iliyokuwa imeletwa, akaenda kukaa na watu wake. Nilikula nikamaliza.

Njia nzima ya kurudi nimemwuliza Consolata, mzee alisema nini kwenye ile simu? Nimemwuliza kwa mdomo, nimemwandikia hata kwenye kiganja. Anakataa. Anasema hayo hayakuwa ya kwangu.

Baba yako mdogo,
Mwikwabe